Mabega ya Kijani: Historia ya Jeni Moja ya Nyanya na Funzo Lake kwa Watunga Sera

Mama yangu alikuwa na utaratibu wake wa kuchagua nyanya ya mbegu. Hakuitazama iliyo kubwa kuliko zote, wala iliyo nyekundu kuliko zote. Alipita kwenye matuta akautafuta mmea uliosimama imara wakati wenzake wamesinyaa kwa ugonjwa, akaufunga kipande cha kitambaa ili sisi watoto tusiuchume, kisha akasubiri. Miongoni mwa matunda ya mmea huo alipendelea yale ambayo yakiwa machanga yalikuwa na kijani kilichokoza kwenye mabega, yaani sehemu ya juu inayokizunguka kikonyo. Yakishaiva aliyakamua kwenye bakuli la maji, akayaacha siku mbili tatu hadi yatoe povu, akaziosha mbegu na kuzianika kivulini juu ya sahani. Nilipomuuliza kwa nini anayapenda yenye mabega ya kijani, alinijibu kwa neno moja: "Matamu."

Kijiji chetu kilikuwa kando ya barabara kuu itokayo Iringa kwenda Morogoro, katika ukanda ambao hadi leo unailisha Dar es Salaam kwa nyanya. Baadaye wanunuzi walianza kuyakataa matunda yenye mabega. Walidai hayajaiva sawasawa, na kwa sababu hiyo wakashusha bei ya tenga zima. Mama akaanza kununua mbegu za kopo dukani, zilizotoa nyanya za rangi moja kuanzia juu hadi chini. Kitambaa hakikufungwa tena.

Mimi si mtaalamu wa mimea. Nimesomea historia, na kazi yangu ni kufundisha vijana namna ya kuuliza kwa nini mambo yako kama yalivyo. Lakini miaka michache iliyopita mwenzangu wa idara ya botania alinipa makala ya kisayansi iliyochapishwa mwaka 2012, akaniambia, "Soma hii, wewe mtoto wa mkulima wa nyanya." Niliisoma kwa shida, kamusi ikiwa mkononi, na nilipofika mwisho nilijikuta nimerudi kwenye bakuli la mama. Kumbe mabega yale ya kijani yana jeni yake, jeni hiyo ina historia yake, na historia hiyo ina siasa ndani yake. Katika makala haya nitaieleza historia hiyo kwa kadiri ninavyoielewa, kisha nitauliza inatuhusu nini sisi tunaotunga sera, tunaozitekeleza na tunaozipinga.

Tunda linalojilisha

Tuanze na jambo ambalo kila aliyepita sekondari alilisikia: usanisinuru. Mmea huchukua maji kutoka ardhini na hewa ya ukaa kutoka angani, na kwa nguvu ya mwanga wa jua huvigeuza kuwa sukari. Kazi hiyo hufanyika ndani ya vyumba vidogo sana viitwavyo kloroplasti, vyenye umbijani, ile rangi ya kijani ambayo walimu wengi huiita klorofili. Njia inayopitwa na kaboni kutoka kwenye hewa hadi kwenye sukari ilichorwa na kundi la Melvin Calvin katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na kwa kazi hiyo Calvin alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1961.

Wengi wetu tulifundishwa kwamba kiwanda hicho kiko kwenye majani. Ni kweli, sehemu kubwa kabisa ya sukari inayoingia kwenye nyanya hutengenezwa na majani, kisha husafirishwa kupitia mishipa hadi kwenye tunda. Lakini nyanya changa nayo ni ya kijani, na kijani hicho si pambo. Ndani ya ngozi na nyama yake mna kloroplasti zinazofanya kazi, kwa hiyo tunda hutengeneza sehemu ya chakula chake lenyewe. Linapoanza kuiva, kloroplasti hizo hubadilika, umbijani huvunjwa, na mahali pake hujaa rangi nyingine, hasa likopeni, ambayo ndiyo wekundu wa nyanya. Hivyo kijani cha leo ni mtaji wa wekundu na utamu wa kesho. Tunda lililokuwa na kloroplasti nyingi na zilizokomaa lina akiba kubwa zaidi ya kuanzia safari ya kuiva.

Nani huamua tunda liwe na kloroplasti ngapi? Hapa ndipo jeni zinapoingia. Baadhi ya jeni hazifanyi kazi ya mikono, hukaa kama wasimamizi wakiwasha na kuzima jeni nyingine. Nyanya ina wasimamizi wawili wa ukoo mmoja wanaohusika na ujenzi wa kloroplasti. Wanasayansi huwaita GLK1 na GLK2. Kwenye majani wote wawili wapo kazini. Kwenye tunda anafanya kazi mmoja tu, GLK2. Naomba msomaji alishike jambo hilo dogo, kwa maana ndilo lililowafanya wataalamu kwa miongo kadhaa wasione walichokuwa wakikipoteza.

Mgeni aliyepewa jina la ukoo

Nyanya si mzaliwa wa kwetu. Ndugu zake wa porini wanapatikana magharibi mwa Amerika ya Kusini, kuanzia Ecuador hadi Peru na kaskazini mwa Chile, na baadhi yao huzaa matunda madogo yasiyozidi ukubwa wa njegere kubwa. Watu wa Mexico walikuwa wakiilima na kuila kabla Wahispania hawajafika, na jina linalotumika katika lugha nyingi za Ulaya limetokana na lugha yao ya Nahuatl. Wahispania waliipeleka Ulaya katika karne ya 16. Mwaka 1544 daktari wa Kiitalia Pietro Andrea Mattioli alikuwa tayari ameiandika katika kitabu chake cha mimea.

Lugha yetu ilimpokea mgeni huyu kwa kumweka katika ukoo wa wenyeji. Bara tunasema nyanya, na tunalo tunda jingine, nyanya chungu, lililo la Kiafrika tangu asili. Zanzibar na Pemba wanasema tungule, jina lisilo mbali na tunguja, lile tunda la njano la porini. Wahenga hawakuwa na darubini, ila walikisia vyema: mimea hiyo yote ni ya jenasi moja, Solanum.

Kutoka punje ya porini hadi tunda linalojaza kiganja kulikuwa na kazi ya vizazi vingi vya wakulima ambao majina yao hayamo katika kitabu chochote. Mwaka 2000 kundi la Steven Tanksley wa Chuo Kikuu cha Cornell lilitangaza kuitambua jeni mojawapo iliyohusika, iitwayo fw2.2, ambayo hudhibiti mgawanyiko wa seli tunda likiwa bado changa. Wakulima wa kale wa Amerika walikuwa wamechagua umbo lake linaloachia tunda likue, karne nyingi kabla neno "jeni" halijatungwa. Nalitaja hili ili tusije tukadhani kwamba uboreshaji wa mazao ulianzia maabara. Ulianzia kwa watu waliofunga vitambaa.

Mmea uliojikata kimo

Sasa tuingie karne ya 20. Mwaka 1914, huko Florida, Marekani, ulionekana mmea wa nyanya usio wa kawaida. Nyanya ya kawaida haina mwisho: huota majani matatu, hutoa shada la maua, huota tena majani matatu, hutoa tena shada, na kuendelea hivyo hadi mkulima aisimamishie mti au uzio. Huu mpya ulipunguza majani kati ya shada na shada, kisha ukaacha kabisa kukua. Ulibaki kichaka kifupi, na matunda yake yakaiva karibu kwa wakati mmoja. Ni badiliko la asili katika jeni moja ambayo baadaye ilipewa jina linalomaanisha "kujipogoa". Mwaka 1998 watafiti wa Israel waliitambua jeni hiyo na kueleza kazi yake: huuzuia mmea usiharakishe kutoa maua ya mwisho. Ikiharibika, breki hiyo huachia.

Kwa mkulima mwenye bustani nyuma ya nyumba, kichaka kinachoiva mara moja ni hasara ndogo, kwa sababu angependa kuchuma kidogo kidogo kwa miezi. Kwa mwenye mashine, hiyo ni bahati iliyoshuka. Katika Chuo Kikuu cha California, Davis, mtafiti wa mbegu Jack Hanna na mhandisi Coby Lorenzen walifanya kazi pamoja kwa miaka mingi: mmoja akitengeneza mashine ya kuvuna nyanya, mwingine akitengeneza nyanya ya kuvunwa na mashine. Nyanya hiyo ilipaswa kuwa fupi, kuiva kwa pamoja, kuwa na ngozi ngumu isiyopasuka inapoporomoshwa kwenye lori, na kuachia kikonyo kwa urahisi. Utafiti huo ulikuwa wa chuo cha umma.

Wakati nao ulikuwa na siasa zake. Tangu mwaka 1942 mashamba ya California yalitegemea vibarua kutoka Mexico walioletwa kwa mkataba wa serikali mbili, na mkataba huo ulikoma mwaka 1964. Wamiliki wa mashamba walilia kwamba hawana watu, na mashine ikawa tayari. Kufikia mwisho wa muongo huo karibu nyanya zote za kiwandani za California zilivunwa kwa mashine. Idadi ya wakulima wa nyanya, waliokuwa takriban 4,000 mwanzoni mwa miaka ya 1960, ilishuka hadi takriban 600 mwaka 1973, kwa sababu mashine ilikuwa ghali na ilihitaji shamba kubwa ili ilipe. Makadirio yaliyofanywa baadaye yalitaja ajira zipatazo 32,000 kuwa zilitoweka katika sekta hiyo.

Mwaka 1979 shirika la msaada wa kisheria kwa wananchi wa vijijini lilikishtaki chuo kikuu. Hoja yake haikuwa kwamba mashine ni mbaya. Hoja ilikuwa kwamba fedha za umma zimetumika kuwanufaisha wachache na kuwaumiza wengi, na kwamba chuo hakikuwahi kuuliza nani atapata na nani atakosa. Kesi ilichukua takriban miaka kumi, na hatimaye mahakama ya rufaa iliamua kwa upande wa chuo. Haki ni kukiri kwamba nyanya za kopo zilibaki na bei nafuu kwa mamilioni ya walaji, na kwamba aina zilizozaliwa katika kazi ile zilikuwa na kinga ya magonjwa yaliyokuwa yakiwafilisi wakulima. Hata hivyo, swali la walalamikaji halikujibiwa na hukumu. Linaweza kuulizwa katika chuo chochote cha umma, kikiwemo changu.

Rangi moja kuanzia juu hadi chini

Wakati umbo la mmea likibadilishwa, rangi ya tunda nayo ilikuwa ikibadilishwa kimyakimya. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 watafiti wa mbegu walikuta mimea ambayo matunda yake machanga yalikuwa na kijani hafifu kinacholingana mwili mzima, bila mabega. Walikipenda. Tunda la namna hiyo ni rahisi kulitambua limekomaa lini, huiva sawasawa, halina sehemu ya njano inayobaki juu, na linapendeza machoni kwa mnunuzi. Kwa takriban miaka 70 sifa hiyo ilichaguliwa tena na tena, hadi ikaingia katika sehemu kubwa ya nyanya za kibiashara duniani.

Mwaka 2012 kundi la watafiti likiongozwa na Ann Powell wa Davis, wakishirikiana na wenzao wa Cornell na Hispania, lilieleza katika jarida la Science sifa hiyo ni nini hasa. Ni jeni ya GLK2 iliyovunjika. Herufi moja ya ziada imeingia katika maandishi ya DNA, usomaji ukapotoka, na msimamizi akatoka akiwa nusu mtu, asiyeweza kazi. Majani hayakuathirika, kwa kuwa kule GLK1 aliendelea kushika zamu. Mmea ulisimama wenye afya, wa kijani, wenye mavuno. Ni tunda pekee lililobaki bila msimamizi, likajenga kloroplasti chache na dhaifu. Watafiti walipoongeza kazi ya jeni hizo katika mimea ya majaribio, matunda yalikuwa na kijani kingi zaidi, na yalipoiva yalikuwa na sukari na rangi zenye manufaa kwa wingi zaidi. Hitimisho lao lilikuwa kwamba uchaguzi wa rangi moja, bila kukusudia, ulipunguza ubora wa tunda lililoiva.

Nilisimama kwenye maneno hayo, "bila kukusudia". Hapakuwa na njama, wala mtu aliyekaa mezani akasema tuwaondolee walaji utamu. Palikuwa na kipimo. Waliofanya uchaguzi walipima kile kilichoonekana na kilichokuwa na mnunuzi: rangi, usawa wa kuiva, uimara wa ngozi, uzito. Utamu haukuwa na safu katika jedwali lao, na kisichokuwa na safu kikapotea bila kuandikwa kuwa kimepotea.

Nisimpotoshe msomaji. Jeni moja haikuiua ladha ya nyanya peke yake. Mwaka 2017 Denise Tieman, Harry Klee na wenzao walichapisha uchunguzi wa mamia ya aina za nyanya, za kale na za kisasa, wakaonyesha kwamba aina za kisasa za kibiashara zimepungukiwa na kemikali nyingi zinazotengeneza ladha na harufu, na kwamba tunda linavyochaguliwa kuwa kubwa, sukari yake huelekea kupungua. Kupotea kwa ladha ni jumla ya hasara ndogo ndogo, kila moja ikiwa na sababu yake nzuri kwa wakati wake. Vilevile utamu wa nyanya hutegemea jua, maji, udongo na siku iliyochumwa. Lakini GLK2 inatuonyesha hasara moja kwa uwazi wa kushangaza: tunajua ilitokea wapi katika DNA, tunajua ilichaguliwa kwa nini, na tunajua kwa nini hakuna aliyeiona.

Mali ya nani?

Utamu ulipopungua ulitafutwa porini. Mwaka 1962 wanabotania wawili wa Marekani, Hugh Iltis na Donald Ugent, wakiwa Peru kutafuta viazi vya porini, walikuta mmea wa nyanya wenye matunda madogo ya kijani ambayo hakuna mtu angeyaweka mezani. Walikusanya mbegu wakazituma kwa wataalamu, akiwemo Charles Rick wa Davis, mtu ambaye wengi humheshimu kama baba wa jenetiki ya nyanya. Rick alichanganya damu ya mmea huo na nyanya ya kibiashara kwa vizazi kadhaa, na mwishowe akapata nyanya zenye sukari na vitu vingine vilivyoyeyuka kwa kiwango cha juu zaidi. Kwa viwanda vya kusindika, kila asilimia ya ziada ni maji machache ya kuchemsha na fedha nyingi mfukoni. Mmea huo leo unaitwa Solanum chmielewskii.

Rick huyohuyo alileta kutoka visiwa vya Galápagos nyanya ya porini ambayo kikonyo chake hakina kiungo, hivyo tunda huachana nacho kwa usafi, jambo ambalo wenye mashine walilihitaji sana. Mbegu za nyanya za visiwa hivyo zilikataa kuota hadi alipogundua kwamba zikipita tumboni mwa kobe wakubwa wa huko huota vizuri. Kila ninapowasimulia wanafunzi kisa hiki hucheka, kisha mmoja huuliza lile swali ninalolingojea: "Dokta, Peru na Ecuador walipata nini?"

Wakati ule sheria ya kimataifa haikuwa na jibu. Mbegu zilihesabiwa kuwa urithi wa wote, na urithi wa wote huvunwa zaidi na mwenye maabara. Mkataba wa Bayoanuwai wa mwaka 1992 ulitambua mamlaka ya kila nchi juu ya rasilimali zake za viumbe, na Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010 ikafafanua namna ya kugawana manufaa. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 2001 kuhusu rasilimali za kijenetiki za mimea ya chakula uliweka orodha ya mazao ambayo nchi hubadilishana mbegu zake kwa masharti ya pamoja. Viazi na biringanya vimo. Nyanya haimo. Yaani zao ambalo jeni zake zimesafiri kuliko mengi, halikuingizwa katika orodha ya kusafiri kwa utaratibu.

Je, sisi?

Ukienda kwa muuza pembejeo yeyote katika mji mdogo wa Afrika Mashariki utakuta kopo la mbegu ya nyanya lenye jina Cal J. Ni aina ya kichaka, ya kiwandani, yenye asili ya California. Katika majina mengi ya mbegu utaona pia herufi VF, zinazomaanisha kinga dhidi ya magonjwa mawili ya mnyauko, Verticillium na Fusarium. Mkulima wa Ilula anayeipanda Cal J anapanda historia yote niliyoieleza: mmea wa Florida wa mwaka 1914, mashine ya Davis, vibarua wa Mexico. Mashine yenyewe hana. Anachuma kwa mikono, anapakia kwenye matenga ya mbao, na ngozi ngumu iliyotengenezwa kwa ajili ya lori la California inamsaidia kwenye mashimo ya barabara ya kwetu. Sitaki kudharau msaada huo. Nyanya laini isiyofika sokoni haimfai mtu.

Wala hatukukaa bila kufanya kitu. Mwaka 1997, kituo cha utafiti wa mazao ya bustani cha Tengeru, Arusha, kwa ushirikiano na kituo cha kimataifa cha utafiti wa mboga, kilitoa aina za Tanya na Tengeru 97, zilizochaguliwa katika mazingira yetu. Mbegu zake mkulima anaweza kuzikamua na kuzipanda tena. Hiyo ni kazi ya watafiti wetu, na inastahili kutajwa mara nyingi zaidi kuliko tunavyoitaja.

Leo soko linaelekea kwenye mbegu chotara, na hapa napo jenetiki inaeleza siasa. Mwaka 2010 Uri Krieger, Zachary Lippman na Dani Zamir walionyesha kwamba badiliko katika jeni moja tu inayoongoza utoaji wa maua linaweza kuongeza mavuno ya nyanya hadi asilimia 60, ila kwa sharti kwamba mmea uwe na nakala moja nzima kutoka kwa mzazi mmoja na moja iliyovunjika kutoka kwa mwingine. Ukiwa na mbili nzima hupati faida hiyo. Ukiwa na mbili zilizovunjika unapata hasara. Sasa mkulima akikamua mbegu za mmea kama huo, kanuni ya Mendel humgawia: robo nakala mbili nzima, nusu mchanganyiko, robo zilizovunjika. Shamba lake la pili halitafanana na la kwanza. Hakudanganywa, na wala mbegu haikuwekewa sumu kama uvumi unavyodai vijijini. Ni hesabu ya urithi. Lakini hesabu hiyo inamrudisha dukani kila msimu, na aliyeko dukani ndiye anayeamua tunda liweje.

Sheria zetu zimeegemea huko pia. Tanzania ilitunga sheria ya kulinda haki za wagunduzi wa aina mpya za mimea mwaka 2012, na mwaka 2015 ikajiunga na UPOV, umoja wa kimataifa unaosimamia haki hizo. Mtafiti anayetumia miaka kumi kutafuta aina bora anastahili malipo, na sipingi hilo. Aliyefunga kitambaa kwa miaka thelathini naye anastahili angalau kusikilizwa. Utaratibu wa mbegu za kuazimiwa ubora, unaowaruhusu wakulima wadogo kuzalisha na kuuza mbegu zilizokaguliwa ndani ya eneo maalumu, ni mlango uliopo tayari. Ni mwembamba, lakini upo.

Miaka kadhaa iliyopita nilialikwa kwenye kikao cha kupanga vipaumbele vya utafiti wa mazao ya bustani. Nitaacha kukitaja ni cha wapi. Tulipewa fomu yenye safu za vigezo vya kupimia aina mpya: uzito wa mavuno kwa eneo, siku za kukomaa, kinga ya magonjwa, ugumu wa ngozi, usawa wa rangi. Ukumbini hapakuwa na mkulima hata mmoja, wala mama muuza genge, wala mpishi. Waswahili walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, nasi tuliokaa pale tulikuwa tukipanga vitanda vya wengine. Niliomba iongezwe safu moja, ya utamu. Mwenyekiti alinijibu kwa upole kwamba wazo ni zuri, ila utamu hauna kipimo.

Sikuwa na jibu siku ile, na nimejilaumu kwa hilo. Kipimo kipo. Ni kifaa kinachoshikwa kwa mkono mmoja: unadondosha matone ya maji ya nyanya juu ya kioo chake, unakielekeza kwenye mwanga, unasoma kiwango cha sukari na vitu vingine vilivyoyeyuka. Viwanda vya kusindika hukitumia kila siku. Hakipimi harufu, wala hakiwezi kuchukua nafasi ya ulimi wa mlaji, lakini kinatosha kuanzisha safu. Baada ya hapo, waitwe wanawake ishirini wa sokoni, wapewe vipande visivyo na majina, waulizwe ipi wangeipeleka nyumbani. Gharama yake haifikii posho za kikao tulichokaa.

Kwa hiyo nawaomba watumishi wa umma wanaosoma makala haya wafanye jambo moja kabla ya kusaini fomu ijayo, iwe ya mbegu, ya elimu au ya afya: wasome safu zilizopo, kisha wajiulize ni safu gani haipo na nani angeiomba kama angekuwa ukumbini. Wanafunzi wangu wa sayansi nawaomba waende vijijini wakusanye nyanya za mabega ya kijani ambazo bado ziko kwenye bustani za wazee, wazipeleke kwenye hifadhi ya taifa ya mbegu pamoja na majina ya waliozitunza. Wanaharakati nao nawaomba waiache hadithi ya mbegu zenye sumu, kwa sababu ukweli wenyewe ni mzito kuliko uvumi.

Mama amezeeka na halimi tena. Mwaka jana nilimpelekea nyanya za aina ya zamani kutoka kwa mkulima mmoja wa Kilolo, zikiwa na mabega yake. Alizigeuza mkononi, akakata moja, akaila kwa chumvi kama alivyozoea. Nilitarajia aseme neno lilelile. Badala yake aliniuliza kama nimezihifadhi mbegu.